Hewa ya Kushoto, Miguu ya Mjomba

Mjomba mtu alikuwa rubani hodari, hilo halina ubishi, hata wasiompenda walikubali. Alikuwa anaishusha ndege kwenye mvua na upepo wa ubavuni, abiria wanaamka usingizini na kuuliza kama safari bado ni ndefu. Lakini miguu yake! Jamani, miguu ya mtu yule ilikuwa na harufu yenye tabia zake, inaingia chumbani kabla yake na kutoka baada yake.

Ndege ikishatulia juu, taa ya mikanda ikishazimwa, mjomba alikuwa anainama, anavua viatu, anavisukuma nyuma ya kiti na kunyoosha vidole kama mtu aliyefika sebuleni kwake. Soksi zenyewe zilikuwa safi, mkewe alizifua kila siku na kuzianika juani. Tatizo lilikuwa kile kilichomo ndani ya soksi, na hakuna aliyewahi kumwambia. Mkewe alikuwa na mafua yasiyopona tangu usichana wake, na watu wa kampuni walisema hiyo ndiyo siri ya ndoa yao kudumu. Marubani wenzake walikuwa wadogo kwake, wahudumu walimwogopa, na bosi alihakikisha wanaongea nje, penye upepo. Akiwapa mgongo walimwita Kapteni Soksi. Akigeuka, "Naam, Kapteni!"

Msaidizi wake siku ya kisa hiki alikuwa binti wa dada yake mwenyewe. Kampuni nzima ilimwita Mpwa, utadhani ndivyo alivyoandikwa kwenye leseni. Ilikuwa kampuni ndogo, marubani wa kuhesabu, na kama ungekataza ndugu wasiruke pamoja, basi ndege zingebaki chini zikiota kutu. Mjomba ndiye aliyemlea Mpwa tangu baba yake alipofariki. Alimfundisha baiskeli, akamfundisha gari, na siku binti aliposema anataka urubani, ukoo mzima ukaangua kicheko isipokuwa yeye. Kwa hiyo usije ukadhani Mpwa alimchukia. Alimpenda mno, na hapo ndipo ilipo kazi.

"Ukivuka mlango huu," mjomba alizoea kusema, akigonga mlango wa chumba cha marubani kwa kucha, "ujomba unabaki nje. Humu ndani ukiona nimekosea, sema. Usinionee haya."

Maneno matamu hayo. Hebu jaribu kuyatekeleza. Kabla ya kuvuka huo mlango Mpwa alikuwa ameshamwamkia shikamoo, ameshajibiwa marahaba mwanangu, ameshaulizwa kama amekula, na ameshanyang'anywa begi lake kwa sababu mjomba hapendi kuona mtoto wake akibeba mzigo. Kumwambia "mwendo umepungua, Kapteni," hilo aliliweza, alifundishwa chuoni. Kumwambia "miguu yako inanuka"? Thubutu! Huwezi kumwambia hivyo mtu aliyekushikia kiti cha nyuma cha baiskeli ukijifunza, akikimbia nyuma yako huku anahema.

Na kama hayo hayatoshi, siku hiyo mama yake Mpwa, yaani dada mkubwa wa kapteni, alikuwa abiria wao. Amekaa mstari wa kwanza, mkoba magotini, anakwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa. Alipopita mlangoni kwa marubani aliwachungulia, akamwambia mdogo wake, "Utuendeshe vizuri, na umwache mwanangu naye ashike kidogo." Mpwa alitamani kujificha chini ya kiti.

Basi, wakaruka. Magurudumu yalikuwa ndiyo kwanza yanaacha lami pale kundi la ndege, wale wenye manyoya, lilipoibuka kutoka majanini na kupita mbele ya kioo. Mpwa hakuwaona vizuri, macho yake yalikuwa kwenye geji, ndiyo kazi aliyopewa. Alisikia tu kishindo, du!, kisha kimya.

"Kapita upande wangu, kushoto," mjomba akasema. "Nimemwona kwa macho yangu. Injini zinasemaje?"

"Zote ziko sawa, Kapteni."

Na kweli zilikuwa sawa. Mishale imetulia, moto kawaida, oili kawaida, kushoto na kulia zimelingana. Wakakubaliana waendelee huku wakizitupia jicho.

Sasa, kabla hatujafika mbali, kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui, na wangelijua pengine wangepanda basi. Huko juu hakuna hewa ya kumtosha binadamu. Hewa unayovuta ukiwa umekaa kwenye kiti chako, unakula karanga, inatoka ndani ya injini. Injini inaimeza hewa ya nje, inaibana, na kabla haijafika penye moto nyingine inachotwa pembeni, inapozwa, inaletwa kwako. Marubani wanaziita hewa ya kushoto na hewa ya kulia, kila injini na yake, na kila moja ina swichi yake juu ya vichwa vyao. Injini ikiwa nzima unavuta hewa safi kuliko ya mjini. Injini ikiumia ndani, oili ikavuja hata kijiko, basi unaivuta oili hiyo ikiwa imeshakaangwa. Na kijiko hakionekani kwenye geji yoyote.

Walipofika juu, taa ya mikanda ikazimwa. Mjomba akainama. Kiatu cha kulia, kiatu cha kushoto. Akanyoosha vidole.

Haukupita muda, harufu ikaja. Mpwa aliizoea harufu ya mjomba wake kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele, lakini hii ya leo ilikuwa na nguvu za ajabu. Ilikuwa nzito, ya soksi zilizolowa na kusahauliwa ndani ya begi. Leo kazidisha, Mpwa akawaza. Au ni hizi soksi mpya? Akavuta pumzi kidogo kwa pua kuhakikisha. Akavuta tena.

"Una mafua?" mjomba akamuuliza.

"Vumbi tu, Kapteni."

"Umwambie mama yako akuchemshie kitu. Mnapuuza sana afya zenu ninyi vijana."

"Sawa, Mjomba."

Juu ya kila kiti cha rubani kuna kitundu cha hewa unachoweza kukigeuza. Mpwa, kwa heshima zote, bila kusema neno, akakifungua chake hadi mwisho na kukielekeza usoni ajiokoe. Masikini! Alikuwa amejifungulia bomba lenyewe. Kila alivyozidi kuvuta hewa ya kitundu ndivyo kichwa kilivyozidi kumgonga, na kila kichwa kilivyomgonga ndivyo alivyozidi kuilaani ile miguu kimoyomoyo. Jamani mtu huyu akistaafu tutapumua, akawaza. Hapo hapo akajisikia vibaya kwa kuwaza hivyo.

Nyuma nako mambo yalikuwa hayo hayo. Mkuu wa wahudumu alikuwa dada mmoja waliyemwita Tabasamu, kwa sababu alitabasamu hata siku abiria alipommwagia kahawa ya moto mkononi. Tabasamu aliisikia harufu, akautazama mlango wa marubani, akamtazama mwenzake, mwenzake akabana pua, wote wawili wakacheka chini chini. Wakachukua yale manukato ya chooni wakapuliza mstari wa mbele. Abiria wakaanza kukohoa. Wakapuliza tena.

Harufu ikafika katikati, ikafika nyuma kabisa, na bado hakuna aliyejiuliza ni miguu gani hiyo yenye uwezo wa kutembea ndege nzima. Mpaka Tabasamu alipoona taa za dari zina ukungu, na bwana mmoja wa mstari wa nne ametapika kwenye koti lake mwenyewe, ndipo tabasamu lilipomfifia kidogo. Akachukua ile chupa ndogo ya oksijeni ya wahudumu, akaitundika begani, akagonga mlango.

"Kapteni, samahani. Huko nyuma kuna ukungu. Watu wanatoka machozi, wanakohoa, mmoja ametapika."

Mjomba akageuka mzima mzima. "Ukungu? Tangu lini?"

"Ukungu ni sasa hivi. Harufu ndiyo ya tangu kitambo."

"Harufu ya nini?"

Tabasamu akamtazama Mpwa. Mpwa akaitazama geji ya mafuta, ambayo wala haikuwa na habari yoyote mpya.

"Dada, nakuuliza, harufu ya nini?"

"Ya soksi, Kapteni."

Mjomba akatazama chini, akaiona miguu yake imekaa pale juu ya zulia, imestarehe. Pua yake ilikuwa imeizoea maisha yote, haikuwahi kumwambia kitu.

"Tulidhani..." Tabasamu akaanza, akaona amekwisha tumbukia, bora aogelee. "Tulidhani ni kawaida. Hata abiria wa mbele walipoanza kulalamika, dada yako ndiye aliyewatuliza. Amewaambia wasiwe na wasiwasi, rubani ni mdogo wake, ni kwamba tu amevua viatu."

Mpwa alitaka ardhi ipasuke immeze, ila ardhi ilikuwa mbali mno chini.

Lakini nilikwambia mjomba alikuwa rubani hodari. Aibu ilimshuka usoni, ikapita, na mdomo ukawa umeshafunguka kwa amri. "Barakoa! Wote!" Wakavaa barakoa za oksijeni, sauti zao zikawa za ndani ya debe. "Hiyo ni oili. Oili ya injini ikiungua inanuka hivyo hivyo, soksi zilizolowa, imeandikwa kila mahali. Waambie mnara tunarudi."

Imeandikwa kila mahali, ndiyo. Mpwa mwenyewe aliulizwa swali hilo kwenye mtihani akalipata. Aliuita mnara wa waongoza ndege kwenye redio huku akiikasirikia nafsi yake. Kusoma amesoma, pua anayo, na bado alikaa pale akijipulizia sumu usoni kwa sababu aliona haya.

"Yule ndege kapita kushoto," mjomba akasema, akiigeuza ndege. "Injini ya kushoto ndiyo iliyoumia. Tufunge hewa yake."

Hapa pana mila moja ya marubani ambayo lazima uijue. Swichi kubwa hazibonyezwi ovyo ovyo. Mmoja anaweka kidole juu ya swichi, anaitaja kwa sauti, halafu anasubiri. Mwenzake anatazama kidole kiko wapi, akiridhika anasema "ndiyo," na hapo tu ndipo kidole kinaruhusiwa kufanya kazi. Bila ile "ndiyo" hata kapteni mwenye mvi kichwa kizima hafanyi kitu. Imewekwa hivyo kwa sababu mtu akiwa na hofu mkono wake hukimbia kuliko akili.

Mpwa akaweka kidole. "Hewa ya kushoto."

"Ndiyo."

Akaifunga. Na wakati huo huo, kwa pembe ya jicho, aliona kitu kinachezacheza chini. Mjomba alikuwa anavaa viatu. Anavaa huku anaendesha, kimya kimya, anakanyagia kisigino kimoja baada ya kingine, kama mtoto aliyekutwa jikoni. Mpwa akageuza macho pembeni upesi. Heshima, jamani, heshima ilimjaa hadi kwenye mboni.

Wakashuka chini, wakakata safari kurudi walikotoka. Tabasamu alikuwa bado amesimama mlangoni, barakoa yake usoni.

"Dada," mjomba akamwambia, "sisi humu tuna barakoa, hatunusi kitu. Shusha yako kidogo. Nusa."

Tabasamu akashusha. Akanusa kulia, akanusa kushoto, akainama kidogo akanusa na chini. "Afadhali, Kapteni! Imepungua sana."

"Nilijua," mjomba akasema, na sauti yake ndani ya barakoa ilikuwa ya mtu aliyeshusha mzigo.

Hapo ndipo ndege ilipoanza kutetemeka. Haikuwa kwa nguvu, ni kama gari linalopita juu ya kokoto, lakini kila aliyekuwemo aliusikia mtetemo huo miguuni. Chuma fulani kilikuwa kimeanza kuachia. Ni cha upande gani, mtetemo wenyewe hausemi, unapita kwenye mwili mzima wa ndege.

"Haya, inaanza kuvunjika," mjomba akasema. "Tusiingoje ishike moto." Akaweka mkono wake juu ya wenzo wa injini ya kushoto. "Injini ya kushoto. Kuzima."

Akasubiri.

Sasa ilikuwa zamu ya Mpwa. Neno moja tu, silabi mbili, na mkono ule ungevuta, injini ya kushoto ikalala. Na mjomba hakuwa akikosea mara kwa mara. Alimwona yule ndege kwa macho yake. Walifunga hewa ya kushoto, harufu ikapungua. Nini kingine unataka? Nyuma kuna watu wanakohoa. Nyuma kuna mama yake. Mdomo wa Mpwa ulifunguka useme "ndiyo."

Neno halikutoka. Kulikuwa na kitu kinamkereketa, na alikijua kabisa ni kitu gani, na angetoa chochote kisiwe hicho.

"Ndiyo au siyo?" mjomba akasema.

"Siyo, Kapteni."

"Siyo nini?"

"Umevaa viatu."

Mjomba akamgeukia. Barakoa ilimficha mdomo, lakini macho yalikuwa nje, na macho hayo Mpwa aliyajua tangu utotoni.

"Tumefunga hewa ya kushoto na wewe umevaa viatu," Mpwa akasema. "Kwa wakati mmoja. Harufu iliyopungua humu hatujui ni ya injini au ni yako. Miguu yako inanuka, Mjomba. Inanuka sana, tangu mimi ni mdogo. Usiizime hiyo injini."

Haki ya Mungu, chumba kizima kiliganda. Tabasamu kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakuwa na tabasamu la aina yoyote. Juu yao, kile kinasa sauti kinachorekodi kila neno la marubani kilikuwa kinarekodi na hilo.

Mkono wa mjomba ulibaki juu ya wenzo. Haukuvuta, na haukutoka. Mpwa alidhani atamfokea. Alidhani atavuta kwa hasira. Alikuwa tayari kuushika mkono ule kwa nguvu, jambo ambalo asingeweza hata kuliota, na alijua wazi kwamba angelifanya.

"Tabasamu," mjomba akasema, taratibu, "nenda nyuma kabisa. Kwenye choo cha mwisho. Kule ambako mimi sifiki. Nusa, halafu nipigie simu."

Tabasamu akatoka mbio. Wawili wale wakabaki wamekaa, mmoja mkono juu ya wenzo, mwingine anautazama mkono. Simu ya ndani ikalia.

"Kapteni, huku ni balaa! Imezidi! Tangu mlipogeuza imezidi, watu wanashindwa kufungua macho!"

Na kwa nini isizidi? Walikuwa wameifunga hewa ya injini nzima, wakawaachia watu hewa ya injini mbovu tupu. Mbele kwa marubani hewa ya injini moja ilifika kidogo tu, ndiyo maana Tabasamu alinusa nafuu viatu vilipovaliwa. Mjomba akaondoa mkono kwenye wenzo kama aliyegusa jiko la moto.

"Fungua kushoto," akasema. "Funga kulia."

"Hewa ya kushoto, kufungua."

"Ndiyo."

"Hewa ya kulia, kufunga."

Mjomba akakitazama kile kidole vizuri, kiko wapi hasa. "Ndiyo."

Tabasamu alipiga tena baadaye kidogo, sauti imebadilika. Ukungu unaondoka. Watu wanavuta pumzi. Bwana wa mstari wa nne ameomba maji, na anauliza nani atamfulia koti lake.

Injini ya kulia haikuchelewa kujitaja yenyewe. Mshale wa oili ukaanza kushuka, mtetemo ukawa wa kugonganisha meno, ndipo wakaizima, kwa mila ile ile, kidole, jina, kusubiri, ndiyo. Wakarudi kwa injini ya kushoto, ile iliyobakiza silabi mbili kuzimwa, na haikulalamika hata kidogo njia nzima. Mjomba aliiweka ndege chini kwa ulaini ule ule wa siku zote. Abiria walipiga makofi, wengine huku wanalia, ingawa yawezekana ni macho tu yalikuwa bado yanawasha.

Fundi alipoifungua injini ya kulia alikuta manyoya, pangaboi limeng'oka ncha, na oili imetapakaa mpaka kwenye njia ya hewa. Akapiga mluzi. "Hii mngebaki nayo peke yake," akasema akijifuta mikono, "msingeuona uwanja." Kisha akaondoka zake kutafuta ndoo, maana kwake ilikuwa siku ya kazi kama nyingine.

Inaonekana kundi lile lilikuwa kubwa. Aliyeonwa na mjomba alipita salama na kwenda zake. Mwenzake ndiye aliyeingia upande wa pili.

Mama yake Mpwa alishuka ngazi macho mekundu, mkoba kwapani, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. "Leo umezidi," akamwambia. "Hata kama ni uchovu." Alieleweshwa baadaye, ukungu, oili, injini, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, na ilikuwa dhahiri kwamba haamini.

Mjomba hakucheka. Alikaa kwenye benchi la chumba cha kupumzikia marubani pale uwanjani, amevaa viatu vyake, kamba zimefungwa mara mbili. Mpwa akasimama mbele yake, hajui aweke wapi mikono.

"Tangu wewe ni mdogo?" mjomba akauliza.

"Ndiyo, Mjomba."

"Na mama yako anajua."

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu." Akalirudia lile neno polepole. "Kwa hiyo mlikuwa radhi tufe sote kwa adabu."

Akainuka, akachukua kofia, akaenda. Kwenye gari hakumngoja, Mpwa akarudi nyumbani na mama yake. Mwisho wa juma mjomba hakuja kula chakula cha mchana nyumbani kwa dada yake, na wiki iliyofuata hakuja. Simu alipokea mkewe, kwa sauti yake ya puani, akasema mzee amelala. Mpwa alilia chooni mara moja, halafu akakasirika kwamba amelia. Mama naye hakusaidia. "Watu hawaambiwi mambo kama hayo," alisema akikatakata vitunguu. "Yangu macho. Wewe ndiye umempoteza mjomba wako."

Kisha wakaitwa kazini, marubani wote na wahudumu, kwenye ule ukumbi wa mikutano wenye viti vya plastiki. Ofisa wa usalama alitaka wausikilize ule mkanda pamoja ili wajifunze. Mjomba alikaa mbele, karibu na bosi. Mpwa alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Unajua mwenyewe kilichotokea. Sauti ya Mpwa iliposema "miguu yako inanuka, Mjomba, inanuka sana," ukumbi ulipasuka. Watu walijishika mbavu, mmoja alianguka na kiti chake, na bosi aliinamisha kichwa mezani mabega yakimtikisika. Miaka mingapi walikuwa wameubana mdomo! Mpwa alitazama mgongo wa mjomba wake. Haukusogea.

Kicheko kilipoanza kuchoka, mjomba akasimama.

"Rudisha nyuma," akamwambia ofisa wa usalama.

"Wapi, Kapteni?"

"Kabla mhudumu hajaingia. Nitakwambia."

Ofisa akarudisha. Ikasikika ngurumo ya injini, tupu, muda mrefu. Kisha mtu anavuta pumzi kwa pua. Anavuta tena. *Una mafua? Vumbi tu, Kapteni.* Kisha ngurumo tena.

"Mnacheka pale kwenye viatu," mjomba akasema. "Pale ndipo tulipopona. Hapa ndipo tulipokuwa tunakufa. Huyu binti ameisikia harufu, anazijua injini kama mimi, na amenyamaza kwa ajili yangu. Wahudumu wamenyamaza kwa ajili yangu. Dada yangu amewanyamazisha na abiria kwa ajili yangu. Nimerusha ndege na kundi zima la watu wanaonistahi, na nusura tuzikwe pamoja. Nilikuwa nawaambia ujomba unabaki nje, na mimi ndiye niliyekuwa nauingiza kila siku, nyinyi mnaubeba. Mtu akisikia kitu, aseme. Aniambie mimi. Basi."

Akaketi. Ukumbi ulikuwa umetulia hasa, kuna waliotikisa vichwa, Tabasamu alijifuta jicho. Ofisa wa usalama akawasha projekta akaanza kuonyesha picha za pangaboi lililovunjika, akaeleza njia ya hewa, akaeleza vali. Aliendelea sana. Chumba kilikuwa na joto.

Haukupita muda, harufu ikaja.

Bosi aliinuka bila kelele akafungua dirisha. Rubani aliyekaa mstari wa pili akaitazama dari kwa makini. Tabasamu akatabasamu. Waliokaa pembeni wakaanza kupumua kwa mdomo, kila mmoja anatazama picha ya pangaboi, na hakuna, nakwambia hakuna hata mmoja, aliyefungua kinywa.

Mpwa akasimama kule nyuma.

"Mjomba," akasema, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Viatu."

Mjomba hakugeuka. Akainama akavitafuta chini ya meza, kimoja, halafu cha pili.

"Ndiyo," akasema.